Mti Mdogo Tuliowekewa Amana

Katika wiki ya pili ya Mfunguo Mosi, mwaka wa 1445, nayo ni Aprili ya 2024, alifariki jirani yetu mmoja hapa Tanga, Mwenyezi Mungu amghufirie. Baada ya hitima, mjane wake akiwa amekwisha kukaa eda, tulibishiwa hodi na mjukuu wao wa miaka tisa, ambaye ni mwanafunzi wetu wa chuoni. Alikuwa amebeba kwa mikono miwili chungu kipana, kifupi, mfano wa sinia, na ndani yake umo mti. Hatusemi mche, twasema mti, kwani ulikuwa na shina nene lililopinda kama la mti wa miaka mingi, na mizizi iliyoushika udongo kama vidole, na matawi yaliyotanda. Lakini kimo chake chote hakikufika dhiraa moja.

Akasema: "Shikamoo, Maalim. Bibi asema, mti huu babu alikuwa akiupenda sana. Ulikuwa ukikaa barazani, na yeye sasa hatoki barazani. Asema ukae kwenu, uwe amana, mpaka atakapomaliza eda."

Tukaupokea, tukajibu kwamba amana yake imefika pahali pa salama. Maneno hayo tuliyatamka kwa urahisi, ndugu msomaji, nayo yametugharimu.

Mti wa namna hii Wajapani huuita bonsai, na maana ya neno hilo ni kilichopandwa katika sinia. Asili ya sanaa yenyewe ni Uchina, nako ni ya kale sana. Katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, imo picha ya ukutani ya watumishi waliobeba sinia zenye mawe na miti midogo. Wajapani waliipokea sanaa hiyo kwa Wachina, wakaikuza mpaka ikajulikana duniani kwa jina lao. Wengi wetu hudhani kuwa bonsai ni jinsi ya mti, kama vile mwembe ni jinsi na mkwaju ni jinsi. Sivyo. Ni mti wa kawaida, ambao ukipandwa ardhini ungekuwa mkubwa kama wenziwe. Umewekwa mdogo kwa chungu chenye kina kifupi na kwa kukatwa mizizi na matawi kwa kipimo.

Wako waliotuuliza kama jambo hilo si kubadili umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu. Suala hilo ni la wanazuoni, nasi si watu wa kutoa fatwa. Ila twajua kwamba mchai wa huko Usambara ukiachwa huwa mti mrefu, nao hukatwa mwaka hata mwaka ukawa sawa na kiuno cha mchumaji, wala hatujasikia mtu akilaumiwa kwa hilo.

Basi tuliuweka mti wetu chumbani, juu ya kabati la vitabu, pahali pa heshima. Tuliona kuwa kitu kizuri namna ile, cha thamani, kilichopendwa na marehemu, hakifai kuachwa nje kupigwa na jua na mvua kama mchongoma. Chumba chetu hicho kina dirisha moja linaloelekea ukuta wa jirani. Maji tuliyatia kila siku baada ya sala ya Alfajiri na kila siku baada ya Alasiri, bila ya kukosa, kama vile twavuta uradi. Yalikuwa ni masika; hata nguo zilikuwa hazikauki. Na chini ya chungu tuliweka sahani, ili maji yasiharibu kabati, yakawa yakisimama humo mchana na usiku.

Hatukumwuliza mjane wake hata neno moja. Tungeweza kumtuma ahali yetu, naye huingia nyumba ile kila siku kumpelekea uji na kumliwaza, akamwuliza: marehemu alikuwa akiutunza vipi? Swali la pumzi moja. Lakini sisi tuliona kuwa mti ni mti, maji ni maji, na mtu aliyesomesha miaka zaidi ya thelathini hapungukiwi na elimu ya kumwagilia maji.

Siku ya kumi na mbili liligeuka manjano jani moja. Siku ya kumi na tano yalianguka sita. Tukazidisha maji. Mwishoni mwa Mfunguo Pili tulikuwa tukiokota majani juu ya vitabu kila asubuhi kabla ya mtu mwingine kuingia.

Kila Ijumaa baada ya sala mtoto yule alitumwa kuja kutuamkia, na salamu za bibi yake zilikuwa ni zile zile: "Bibi auliza, mti haujambo?" Ijumaa ya kwanza tulijibu, "Haujambo, alhamdulillahi," na ilikuwa kweli. Ijumaa ya pili tulijibu hivyo hivyo, na ilikuwa karibu na kweli. Ijumaa ya nne tulisimama mlangoni ili mtoto asipate kutazama ndani, tukasema, "Haujambo, mwambie bibi asiwe na wasiwasi." Jumatano iliyotangulia tulikuwa tumewasomesha watoto somo la sifa za mnafiki: akizungumza husema uwongo, akiaminiwa hufanya khiana. Naye mtoto yule alikuwa amekaa safu ya mbele, akilikariri vizuri kuliko wenzake.

Shauri tulilopata kwa watu lilikuwa jingi. Mmoja alisema mti una njaa, tutie mbolea. Tukatia mbolea ya kuku, konzi mbili, katika chungu ambacho udongo wake wote haukujaa sufuria ndogo. Mwingine alisema ni mti wa Ulaya, wataka baridi, tuuweke karibu na mtungi wa maji. Wa tatu, naye ni mtu wa mzaha, alisema tuusomee. Katika wote hao hakuna aliyeuliza: ni mti gani? Wala sisi hatukuuliza. Tabibu akiletewa mgonjwa huuliza kwanza jina na umri. Sisi tulikuwa tumempa mgonjwa dawa tatu bila ya kumjua ni nani.

Siku chache kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu tuliufunika mti kwa kanga ya ahali yetu, tukaupeleka kwa muuza miche mmoja akaaye kando ya barabara, chini ya mwembe. Ni mtu asiyekwenda shule sana, na makopo yake ya miche ni ya rangi na ya maziwa. Majani yaliyobakia yalikuwa tisa. Hakutucheka. Alisafisha mikono yake, akauzungusha mti polepole, kisha akaanza kuutambua, nasi tukawa kama mtoto aliyefunguliwa Alifu kwa mara ya kwanza.

Alishika jani moja akalipitisha baina ya vidole. Lilikuwa gumu, nene, linang'aa, na ukingo wake laini usio na meno. Akasema kuwa miti ya kichina ya vyungu yenye majani madogo yenye meno kama msumeno ni jinsi nyingine, na iliyo na majani madogo ya kukwaruza yenye vitone vyeupe na maua meupe madogo ni jinsi nyingine tena. Akasema iko pia ya jamii ya mwangati wa milimani, yenye majani kama magamba; hiyo yataka majira ya baridi ya kulala, na huku pwani kwetu haikai, tena ina hila: hufa, nayo ikabaki kijani kwa wiki nyingi, mwenyewe akiimwagilia maji maiti.

Kisha akalikata lile jani katika kikonyo. Pakatoka tone jeupe, zito, kama maziwa. "Umeona, Maalim? Huu bado una damu." Akatuonyesha ncha ya tawi, ambapo chipukizi lilikuwa limefungwa ndani ya ala nyembamba iliyochongoka, na chini yake, kila palipokuwa na jani, alama ya pete imeuzunguka ujiti. Akasema, maziwa na pete vikikutana hivyo, mti huo ni wa ukoo wa mkuyu. Na kwa kuwa ncha ya jani ilikuwa butu, si ndefu yenye kuchongoka kama ya ule mwenzake upandwao sana mijini kwa kivuli, akatutajia jina lake, lile waliloliandika wataalamu: Ficus microcarpa. Kwao ni Asia ya kusini na Uchina mpaka Australia, na ukiwa ardhini hushusha mizizi kutoka matawini ukawa mti wa kufunika ua mzima.

Ukoo wa mkuyu! Na ukoo wa mkuyu ndio ukoo wa mtini. Na mfenesi pia ni jamaa yao wa mbali, kama ajuavyo kila mwanamke aliyepaka mafuta mikononi kabla ya kulipasua fenesi. Tulikuwa tumewasomesha watoto Surat at-Tin, sura ya tisini na tano, mara ambazo hazihesabiki, na jamaa ya mti ule uliotajwa ndani yake alikuwa akifa juu ya kabati letu, nasi hatukumjua.

Muuza miche akauliza: "Maalim, ulikuwa ukikaa wapi?" Tukamweleza. Akauliza: "Na maji?" Tukamweleza. Akanyamaza kidogo kwa adabu, kisha akasema kwamba miti hii si ya chumbani. Hata huko Japani miti yao ya vyungu hukaa nje, kwenye jua na upepo, huingizwa ndani kutazamwa na wageni siku moja au mbili ikarudishwa. Mti wa ukoo huu ukiondolewa penye mwangaza ukatiwa gizani, huangusha majani. Mti usio na majani haunywi maji kama zamani. Usiyoyanywa husimama, na mizizi iliyosimama katika maji haipati hewa, ikaoza. Basi kila tulivyozidi kuuhurumia ndivyo tulivyozidi kuuzamisha.

Akaukwangua gome kwa ukucha, pahali padogo. Tawi la kulia lilikuwa kavu, la rangi ya udongo mpaka ndani. Shina lilikuwa kijani na lenye unyevu. Hapo tukapumua.

Akautoa chunguni. Kwanza ilimbidi abandue changarawe za juu, kwani zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, kama wafanyavyo wauzaji wengine ili zisimwagike safarini. Maji mengine yalikuwa yakiteleza juu yake, na yaliyoingia yalikuwa hayana njia ya kutoka, maana tundu la chini lilikuwa limezibwa na udongo na mbolea yetu. Harufu iliyotoka tunaijua. Ni ya mtaro. Mizizi iliyokuwa nyeusi na yenye kuteleza aliikata yote kwa mkasi alioupitisha motoni, akaacha ile iliyokuwa migumu na yenye rangi ya maziwa ya chai. Tukakisia kuwa iliyobaki ni theluthi. Tawi kavu nalo akalikata. Utomvu ulipomwingia kwenye mkono aliuosha upesi, akasema huwasha ngozi, watoto wasiuchezee.

Udongo mpya hakutia udongo. Alitia mchanga mzito wa mtoni aliouosha, na vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa ukubwa wa punje za mahindi, na makaa kidogo, na samadi iliyooza kabisa kwa kiasi cha kijiko tu. Akatuambia: mahali pa mwangaza mwingi, jua la asubuhi tu, pasipo upepo mkali, mfuko wa nailoni mweupe juu yake kama chandarua, ufunguliwe kila siku upate hewa, na maji usitie kwa saa, tia kwa kidole. Kichomeke mpaka kifundo cha kwanza. Kikitoka kibichi, ondoka. Kikitoka kikavu, tia maji mpaka yatoke chini, kisha acha. Mbolea isikaribie mpaka majani mapya yakomae. Tulipotaka kumlipa alichukua thamani ya matofali.

Tulipokuwa tukiondoka, akatuuliza kama mwenyewe anajua. Tulijibu jambo lisilokuwa jibu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Majani tisa yalianguka yote, ukabaki ujiti. Mtu mmoja alitukuta tumepiga magoti uani tumechomeka kidole chunguni, akacheka, akasema mtu mzima kuhuzunikia kijiti! Tukamkumbusha habari iliyopokewa na Anas bin Malik, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, ya yule mtoto Abu Umair aliyekuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea, ndege akafa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawa akimwuliza mtoto habari za ndege yule. Akanyamaza. Lakini kwa haki, habari ile ilituchoma sisi kuliko yeye. Maana Mtume aliuliza ili kumliwaza mwenye msiba, na sisi tuliulizwa na mwenye msiba tukamdanganya.

Tulisoma pia katika siku hizo habari ya msonobari mmoja wa Kijapani, uliokuwa ukitunzwa katika chungu tangu mwaka 1625. Mwenyewe, Masaru Yamaki, alikuwa akikaa Hiroshima, na siku ya tarehe 6 Agosti 1945, bomu lilipoangushwa, mti ulikuwa nyuma ya ukuta wa bustani yake, kama kilomita tatu kutoka liliporipukia, ukasalimika. Mwaka 1976 aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi ile ile iliyolitupa bomu, wala watunzaji wa kule Washington hawakujua ulipopitia mpaka mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuutazama wakawahadithia. Karibu karne nne, mkono hata mkono! Na sisi miezi miwili ilitushinda.

Ijumaa zilipita tatu, na tatu zote tulisema haujambo.

Tarehe 9 ya Mfunguo Nne, siku ya Tasua, tukiwa tumefunga, tulifungua mfuko wa nailoni asubuhi tukaona juu ya kovu la tawi lililokatwa nukta ya kijani isiyozidi punje ya mchele. Tuliondoka tukarudi, tukatazama tena, tusije tukawa tumeona kwa tamaa. Baada ya siku tano zilikuwa nne, na moja imekwisha kuchongoka kama sindano, ikaivua ala yake, likatoka jani laini lenye wekundu.

Hapo ndipo tulipomwambia ahali yetu akamweleze yule bibi mambo yote tangu mwanzo: chumba, sahani, mbolea ya kuku, na yale majibu ya Ijumaa. Wala tusijipambe: tulingoja mpaka tukawa na habari njema ya kufungia ile mbaya. Lau mti ungekufa, hatujui tungesema lini, na kwa maneno gani.

Ahali yetu alikaa huko mpaka Magharibi. Aliporudi alisema bibi hakukasirika. Alikwenda akaleta juzuu ya mjukuu wake, akaifungua, na baina ya kurasa mlikuwa na jani la manjano. Mtoto alikuwa ameliokota uani kwetu tangu mwezi wa Mfunguo Pili, akalifanya alama ya kusomea. Bibi alilijua palepale, maana majani yale alikuwa akiyapangusa kwa kitambaa kila siku kwa miaka minane. Alimwuliza mtoto, na mtoto akasema: "Maalim anajua, bibi. Anautibu." Tangu siku hiyo alikuwa akimtuma kila Ijumaa akiwa anajua, na mtoto akija kutuuliza akiwa anajua, naye akilichukua jibu letu kwa adabu akarudi nalo.

Na kuhusu utunzaji, alisema marehemu hakuwa akiumwagilia kabisa. Alikuwa akikitumbukiza chungu katika beseni, akakiacha mpaka mapovu yaishe, akakitoa kichuruzike, kisha asiuguse mpaka ukauke juu. Ulikuwa ukikaa barazani, upande wa mashariki. Akamwambia ahali yetu: "Mngeniuliza."

Jumatatu iliyofuata tulimwita mtoto yule kabla ya wenzake hawajafika chuoni, tukamwomba radhi. Alitazama chini, akasema, "Haidhuru, Maalim." Kisha akauliza kama aweza kuliona hilo jani jipya.

Eda ilipokwisha, katika siku za ishirini za Mfunguo Tano, mti ulirudi kwake ukiwa na majani 23 na kovu upande wa kulia. Juzi tulipita barazani pao baada ya Alasiri, tukamkuta mtoto amesimama mbele yake na ndoo ndogo. Alichomeka kidole mpaka kifundo, akakitoa, akakitazama, akasema, "Bado una maji," akaenda akaimwagia mchicha ndoo yake.